Kitovu Kilibaki Mossbawn

"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Fasihi katika shule ya sekondari, na mashairi nimekuwa nikitunga tangu kidato cha pili. Nimepata nafasi ya kwenda Marekani kufundisha Kiswahili chuo kikuu kwa miezi tisa. Mke wangu anasema niende. Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu, ambaye namheshimu kwa usomaji wake, ananionya nisiende. Mfano wake ni Seamus Heaney wa Ireland: anasema aliikimbia nchi yake machafuko yalipochacha, Harvard wakamchukua kwa sababu ya Nobel, akahamia huko kula dola, na ushairi wake ukakauka kwa kukatwa na lugha ya nyumbani. Mimi nimesoma mashairi yake machache tu ya mwanzo, kwa hiyo sikuwa na la kumjibu. Je, ni kweli? Mtu akienda kufundisha ugenini, ushairi humkauka? Na kama nataka kuwasomea wanafunzi wangu shairi lake moja kabla sijaamua, nianze na lipi?"

Mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na ninavyoielewa, huogopi ndege wala baridi. Unaogopa kwamba siku moja utakaa mezani, kalamu mkononi, na neno lisije. Na lisipokuja, ujione umeliuza mwenyewe. Hofu hiyo ni halali kabisa. Ila mfano uliopewa umepinda, na kwa kuwa mashairi ya Heaney nimeyafundisha miaka mingi, na muhula mmoja nikafundisha ugenini mimi mwenyewe, naomba kwanza nimrudishe huyu bwana mahali pake.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1939 katika shamba liitwalo Mossbawn, kaunti ya Derry, Ireland ya Kaskazini, wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake alikuwa mkulima na mchuuzi wa ng'ombe. Uani palikuwa na pampu ya mkono, na kaya tano ziliteka maji hapo. Wanawake walikuja na ndoo tupu zikigongana, wakaondoka polepole, ndoo zimejaa na zimenyamaza. Miaka mingi baadaye, alipoandika kumbukumbu za shamba hilo, Heaney alianza na neno la Kigiriki, omphalos, yaani kitovu, akalirudiarudia mpaka likawa ndio mlio wenyewe wa pampu ikipanda na kushuka. Sisi tukisema "pale kilipozikwa kitovu changu" hatuhitaji kuongeza kitu. Yeye ilimbidi aazime neno kwa Wagiriki ili aseme jambo ambalo bibi yako analisema bila kufikiri. Lakini alilisema, na bila kulishika hilo huwezi kuielewa miaka yake ya ugenini.

Sasa hilo la kukimbia. Mwaka wa masomo wa 1970/71, akiwa mhadhiri wa Queen's University mjini Belfast, alialikwa kufundisha University of California, Berkeley. Alikwenda na mkewe, Marie, na watoto wao wawili wa kiume. Machafuko ya Ireland ya Kaskazini, kati ya waliotaka kubaki chini ya Uingereza na waliotaka kuungana na Ireland, yalikuwa yameshaanza. Mwenye nia ya kukimbia angetafuta kila njia abaki California, kwenye jua na mshahara. Heaney alirudi Belfast mwaka 1971, mwaka uleule serikali ilipoanza kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Januari 30, 1972, askari wa Uingereza walipowapiga risasi waandamanaji mjini Derry, bado alikuwa mkazi wa Belfast. Alipoondoka, Agosti mwaka huo, hakuelekea Marekani. Aliacha mshahara wa chuo, akaihamishia familia kwenye nyumba ndogo ya kupanga huko Glanmore, kaunti ya Wicklow, kusini mwa mpaka, katika Jamhuri ya Ireland, ndani ya kisiwa kilekile, ili apate kuandika.

Wapo waliomlaumu hata kwa hatua hiyo, na aliyemhoji vikali kuliko wote ni yeye mwenyewe. Shairi la mwisho la diwani yake ya 1975, North, linamwonyesha Wicklow mwezi wa Desemba, jioni, miti inadondosha maji, anajiuliza amefikaje hapo na anamwandikia nani. Anajiita mhamiaji wa ndani. Mwambie mwenzako alisome hilo, linaitwa "Exposure", halafu mzungumze upya kuhusu kukimbia.

Kuhusu Harvard, mwenzako amechanganya miaka. Heaney alifundisha huko kwa muda mwaka 1979, akiwa mgeni. Mwaka 1981 aliacha kazi katika chuo cha ualimu cha Carysfort, Dublin, alikokuwa mkuu wa idara ya Kiingereza, na kuanzia 1982 akaingia mkataba na Harvard. Mwaka 1984 akachaguliwa kushika kiti cha Boylston, kiti cha zamani cha uprofesa wa balagha, yaani ufasaha wa kuhutubia, ambacho mtu wa kwanza kukikalia, mwaka 1806, alikuwa John Quincy Adams, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Nobel ilikuja mwaka 1995, miaka kumi na moja baadaye. Na baada ya Nobel hakuzidi kujichimbia Harvard. Alikiachia kiti, akabaki na nafasi ya heshima ya mshairi mgeni, ya ziara fupi, hadi 2006. Kuna simulizi ya pale chuoni kwamba mwenye kiti cha Boylston ana haki ya kuchunga ng'ombe wake kwenye viwanja vya chuo. Sijui kama mtoto wa mchuuzi wa ng'ombe angeweza kupewa kiti kinachomfaa zaidi.

Tazama sasa mkataba wenyewe ulivyokuwa, maana hapo ndipo wewe una la kujifunza. Harvard walimtaka kwa muhula mmoja tu kila mwaka, ule wa mwanzoni mwa mwaka, takriban miezi minne. Miezi minane iliyobaki alikuwa Dublin, nyumbani kwake Sandymount, au kwenye ile nyumba ya Glanmore. Familia haikuhama. Hakununua nyumba Marekani. Alikaa kwenye vyumba ndani ya bweni la wanafunzi, Adams House. Ukilinganisha na Carysfort, ambako mwaka mzima ulijaa vipindi, vikao na kusahihisha, huu mpango wa Marekani ndio uliompa muda wa kuandika akiwa Ireland. Mwalimu, wewe unajua mwezi wa mitihani unavyokula mashairi. Heaney hakubadilisha nyumbani kwa dola. Alitumia dola kununua miezi ya kukaa nyumbani.

Oxford nako watu hukosea. Alikuwa Profesa wa Ushairi huko kuanzia 1989 hadi 1994, lakini cheo hicho hupatikana kwa kura za wahitimu, wakati ule kilidumu miaka mitano, na wajibu wake ulikuwa mihadhara mitatu kwa mwaka. Alikwenda, akahutubia, akarudi. Na ukisikia mtu akimwita mshairi wa Uingereza, mwambie kwamba mwaka 1982 alipowekwa katika mkusanyiko wa ushairi wa Uingereza uliotolewa na wachapishaji Penguin, alijibu mwaka uliofuata kwa shairi zima la kukataa jina hilo, akisema pasi yake ni ya kijani. Kwa wakati ule pasi ya Ireland ndiyo iliyokuwa ya kijani.

Tuje kwenye ushairi kukauka, maana hilo ndilo linalokunyima usingizi. Lugha ya nyumbani, ukiwa nyumbani, ni kama hewa: unaivuta bila kuisikia. Ukitoka, unaanza kuisikia. Diwani yake ya 1972, Wintering Out, inafungwa na shairi alilolihusisha na California, "Westering". Mtu amekaa chini ya ramani ya mwezi iliyobandikwa ukutani, maili elfu sita kutoka kwao, halafu kinachomjia si California. Inamjia Ijumaa Kuu moja aliyokuwa safarini kwa gari: maduka yamefungwa, baiskeli zimeegeshwa nje ya makanisa, watu wote wako ndani. Barabara ile angeweza kuipita mara mia akiwa kwao na asiione. Ilibidi aketi chini ya ramani ya mwezi.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, muhula wa Harvard ukiwa umeshakuwa desturi, aliombwa atafsiri Beowulf, utendi wa Kiingereza cha kale. Katika utangulizi wa tafsiri hiyo alieleza kwa nini alikubali. Masikio yake yalikuwa yamejaa ushairi wa Marekani wa wakati ule, ushairi uliofunguliwa kamba, naye akataka kitu cha kumshikilia, kama nanga iliyozama mpaka chini kabisa ya lugha. Alipoanza kuchambua maneno ya utendi ule alikutana na kitenzi cha kale chenye maana ya kustahimili, akashtuka: ni kilekile alichokuwa akikisikia kwa shangazi yake mashambani, thole. Familia fulani ilipofiwa ghafla, shangazi alikuwa akisema hawana budi kujifunza ku-thole, yaani kuubeba uchungu. Neno ambalo shuleni lingeonekana la kishamba lilikuwa na zaidi ya miaka elfu moja. Ni kama mtoto wa Lamu aliyezoea kumsikia bibi yake akisema "nti" badala ya "nchi", shuleni akasahihishwa kwa wino mwekundu, kisha siku moja akafungua tendi za kale na kulikuta "nti" limekaa kwenye vina, lina heshima zake. Kazi ile Heaney aliiweka kando kwa muda, akairudia, ikatoka mwaka 1999. Ilianza wakati wa miaka ya Harvard, na chanzo chake ni jiko la shangazi.

Mimi mwenyewe yalinipata madogo ya namna hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja ugenini aliniuliza "kumbe" maana yake nini. Nikaandika ubaoni sentensi moja, nikaifuta, nikaandika nyingine. Kumbe ya mshangao, kumbe ya kugundua umedanganywa, kumbe ya kumtambua mtu gizani kwa sauti yake. Kipindi kikaisha bado nimeshika chaki. Nilirudi chumbani kwenye theluji nikilisema neno hilo kwa sauti, na usiku huo nikaandika ubeti wa kwanza baada ya miezi mitatu mikavu. Nchini kwangu sikuwahi kuulizwa, kwa hiyo sikuwahi kulisikia.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kukauka ni hapana, ushairi haukauki kwa sababu ya umbali. Lakini nisikudanganye kwamba hakuna bei.

Bei ya kwanza ililipwa na Marie. Miezi minne kila mwaka alibaki Dublin na watoto watatu, na hakuna sifa ya Harvard inayopika chakula cha jioni. Mke wako anasema uende. Muulize tena, mkiwa mmetulia, na muulize siku ya kawaida ya Novemba itakuwaje: nani anampeleka mtoto kliniki, nani anafuatilia ada, nani analala na simu mkononi.

Bei ya pili iko ndani ya mashairi, na hapa simtetei Heaney. Diwani yake ya 1987, The Haw Lantern, ina mashairi ya mafumbo ya nchi za kufikirika, mipaka, maofisa na visiwa, ambayo kwangu yana baridi. Ni mazuri, yamefinyangwa vizuri, lakini mengine yana harufu ya ukumbi wa mihadhara. Kisha ndani ya kitabu hichohicho kuna soneti alizomwandikia mama yake aliyefariki mwaka 1984, na mojawapo ina watu wawili tu, mama na mwana, wakimenya viazi wengine wakiwa misani, viazi vilivyomenywa vinaanguka kimoja kimoja kwenye ndoo ya maji. Ukizisoma pamoja unauona mvutano wenyewe.

Hatari hiyo ya harufu ya ukumbi wa mihadhara inatokana na kusoma mashairi mbele ya wageni, na wewe itakukuta, kwa hiyo niieleze. Ukimsomea mtu wa kwenu, unasoma tu. Ukimsomea mgeni, kwanza unaeleza: mahali hapa ni wapi, chombo hiki ni cha nini, kwa nini huyu anamwita yule shemeji. Heaney alikuwa hodari wa hilo. Kabla ya shairi alitoa kisa kifupi, ukumbi ukatulia. Lakini mtu akizoea kueleza, maelezo huanza kuhamia ndani ya shairi lenyewe. Unaanza kuandika "chano, yaani sinia la mbao" katikati ya mshororo. Dawa yake ni moja: maelezo yabaki jukwaani, shairi liwe la wenye lugha. Asiyeelewa atauliza.

Bei ya tatu ni mwili. Baada ya Nobel mialiko ilimwandama kila kona. Agosti 2006 alipata kiharusi huko Donegal, na ikambidi afute shughuli zake za hadharani kwa takriban mwaka mzima. Sisemi safari ndizo zilizomwangusha. Mimi si daktari. Nasema kalenda ilikuwa imejaa, na ni ugonjwa ndio uliomfundisha kusema hapana.

Usidhani njia ya Heaney ndiyo pekee. Mshairi Paul Muldoon, ambaye Heaney alikuwa mmoja wa walimu wake Belfast, alihamia Marekani kabisa mwaka 1987, akawa profesa Princeton. Diwani iliyompa tuzo ya Pulitzer mwaka 2003 imebeba kwenye jina lake Moy, kijiji cha kwao. Alihama mwili wote na kokoto za kijijini zikamfuata. Mshairi Eavan Boland alifundisha Stanford kuanzia 1996, akawa mtu wa Dublin na California kwa pamoja, na alifia Dublin mwaka 2020. Na kwa upande wetu yupo Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Yeye hakwenda kwa mwaliko mtamu: alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya maandishi yake, kisha akaishi nje kwa miaka mingi, Dar es Salaam, London, hadi Leipzig alikofundisha Kiswahili chuo kikuu. Anayetaka kuzungumza juu ya ugenini na ushairi wa Kiswahili aanze na huyo, na asiuchanganye uhamisho wa kulazimishwa na safari yenye tiketi ya kurudi. Yako ina tiketi ya kurudi.

Hata hivyo, hali yako na ya Heaney zinatofautiana kwa mambo ambayo mwenzako hakuyagusa. Yeye alikaa miezi minne, wewe tisa. Yeye alifundisha ushairi, kwa lugha yake, kwa watu wanaoijua. Wewe utafundisha wanaoanza. Utasema "hujambo, sijambo" mpaka ulimi uchoke, na kazi hiyo ni ya heshima, lakini inachosha sikio la mshairi kwa namna yake: siku nzima unaongea Kiswahili kilichonyooshwa, cha polepole, kisicho na utani. Kwa hiyo tafuta mapema watu wa kuongea nao Kiswahili cha mbio. Piga simu nyumbani si kuuliza habari tu. Mwache mama asimulie ugomvi wa kisimani mpaka mwisho. Na uwe na daftari la maneno, si la mashairi, la maneno tu, yale yanayokujia bila kuitwa ukiwa njiani.

Mimi ningekwenda. Ningekwenda kwa sababu miezi tisa ina mwisho unaoonekana, kwa sababu mke ameridhia, na kwa sababu umri wako wa kuandika bado ni mrefu. Ningesita kama mzazi angekuwa mgonjwa mahututi, au kama diwani ingekuwa mezani imebakiza mashairi matano. Hayo mawili hukuyataja, kwa hiyo yapime mwenyewe.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi, na hapo nenda kwa mtu uso kwa uso. Viza nyingi za mabadilishano ya kielimu za Marekani huja na sharti la kurudi kukaa nchini kwako miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani nyingine za viza. Nenda kwa ofisa anayehusika na programu yako ubalozini akusomee masharti yako, na kama kuna kipengele kinakutatiza, mlipe mwanasheria saa moja. Likizo bila malipo iombe kwa mwajiri kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi, lenye tarehe ya kurudi kazini na maelezo ya michango yako ya pensheni. Neno la mdomo la mkuu wa shule halitakusaidia akihamishwa. Na ukifika huko, ukaona wiki mbili zimepita hulali, huli, na huna hamu ya kuongea na mtu, usiliite hilo pumziko la kishairi. Vyuo vya huko vina wahudumu wa afya na washauri nasaha. Nenda siku hiyohiyo.

Na shairi la kuwasomea wanafunzi? Anza na "Alphabets". Aliliandika kwa ajili ya hafla ya kitaaluma Harvard mwaka 1984, mwaka uleule wa kiti cha Boylston. Linaanza na baba akikunja vidole ili kivuli cha sungura kitokee ukutani, na mtoto anatazama. Mtoto anakwenda shule, anajifunza herufi kwa kuzifananisha na vitu anavyovijua, anakua, na katika sehemu ya tatu ya shairi tunamkuta ni mhadhiri amesimama ukumbini, anawataja washairi wakubwa. Wengine wangeishia hapo, maana hafla ilikuwa ya wasomi. Heaney anageuka na kurudi nyumbani, kwa mtoto ambaye bado hajajua kusoma, amesimama uani kinywa wazi, anamtazama fundi aliye juu ya ngazi akipiga lipu ukuta wa nyumba yao, kisha kwa ncha ya mwiko anaandika juu yake jina la familia, herufi moja moja, herufi ambazo mtoto hazijui. Wasomee taratibu, na kabla hujaeleza chochote waulize wanafunzi ni wapi waliwahi kuona jina lao limeandikwa kwa mara ya kwanza. Wape muda wa kujibu.